Meza Isiyotoka Mlangoni

Meza iligoma mlangoni saa mbili na nusu asubuhi. Mzee wa mkokoteni akashusha upande wake polepole, akajifuta kipara, akasema yeye amelipwa kubeba, hajalipwa kubomoa.

Mama Sare alikuwa amechuchumaa anapima mlango kwa utepe wake wa kushonea, mara ya tatu sasa, kana kwamba mlango ungeona haya ukajiongeza. Sentimita sitini na tisa. Meza ikilazwa ubavu, themanini na mbili. Walishaijaribu miguu kwanza, kichwa kwanza, hata ikiwa wima kama mlevi anayeshikiliwa na wenzake, na kila mara ilifika palepale ikagonga chuma cha geti.

"Kwani ilipoingia iliingiaje?" mzee akauliza.

"Haikuingia. Ilizaliwa humu."

Ndivyo ilivyokuwa. Miaka mitano iliyopita seremala alimwambia kwamba kuleta mbao na kuziunga ndani ya chumba ni nafuu kuliko kubebesha meza nzima, naye akaona ameambiwa jambo la akili. Ikaungwa humo humo: futi saba kwa nne, miguu sita, rafu ya vitambaa chini, gundi na misumari, nati hata moja hakuna. Meza ya kukatia, ya mtu anayeshona sare za shule. Unatandaza tabaka kumi za kitambaa, unachora mara moja, unakata sketi kumi kwa mkupuo. Mwaka wa tatu wezi wakaingia wakabeba majora mawili, na Mama Sare akamwita fundi wa kuchomelea amwekee geti la chuma. Fremu ikajengewa kwa saruji, ikala vidole vinne kila upande wa mlango. Mwenye nyumba alikuja kulitazama, akalisifu sana, hakuchangia hata senti.

Kwa hiyo aliyeufinya mlango ni yeye mwenyewe, kwa hela yake.

Nje, vitu vyake vilikuwa vimeshapangwa juu ya mkokoteni, mbele ya macho ya kila mpita njia. Godoro lilikuwa limelazwa juu, na ramani zote alizowahi kuchora mtoto wake mdogo usiku zilikuwa zinaota jua. Mama Sare alipoliona akatoka, akaligeuza. Upande wa pili ulikuwa na ramani zaidi. Akalirudisha.

Huyo mtoto mdogo alikuwa na miaka minne, na nyumbani walimwita Bosi kwa sababu hakuwa na kazi yoyote na alilalamikia kazi za wote. Dada yake alikuwa na miaka kumi na miwili, akili ya mtu mzima na magoti ya mtoto. Baba yao alikuwa mahali fulani, na namba mpya ya simu.

"Mama, tuiache," binti akasema.

"Tuiache tukakatie wapi? Mapajani?"

Sketi sitini zilitakiwa shuleni Jumatano. Kitambaa chake kilikuwa kwenye mkokoteni, chini ya sufuria.

*

Hesabu yenyewe ilikuwa nyepesi, ndiyo maana ilitisha.

Kwa chumba hiki alilipa elfu themanini kwa mwezi, na amana ya miezi miwili, elfu mia na sitini, ilikuwa mikononi mwa mwenye nyumba tangu siku ya kwanza. Mwezi uliopita mwenye nyumba alisimama mlangoni akichokonoa meno, akamwambia kuanzia sasa ni mia na ishirini, na tena miezi sita kwa pamoja, hataki kusumbuana na mtu kila mwisho wa mwezi. Mama Sare alimwuliza nini kimebadilika, paa au choo. Akajibiwa kuwa ni soko limepanda, siyo yeye, kana kwamba soko ni shemeji yake aliyekuja kukaa.

Akatafuta kwingine. Dalali akamzungusha kwa wiki mbili kwenye vyumba saba, vitatu kati yake vikiwa tayari vina watu ndani wanaokula. Cha nane kilikuwa cha nesi mstaafu, mbali zaidi na kidogo zaidi, elfu sabini. Lakini ili kuingia ilibidi atoe kodi ya miezi mitatu, na amana ya mwezi mmoja, na mwezi mmoja wa dalali, jumla elfu mia tatu na hamsini. Alikuwa na mia na tisini, ukiacha ya mkokoteni. Zote zilishaondoka: sabini za dalali, mia na ishirini kwa nesi. Kilichobaki ni mia na sitini, na mia na sitini hiyo ilikuwa mfukoni mwa mwenye nyumba wa zamani, ambaye alisema atairudisha siku atakapokabidhiwa chumba kitupu na ufunguo, kabla ya saa sita, kwa kuwa mpangaji mpya anaingia siku hiyohiyo.

Nesi naye alikuwa amepiga simu jana. Alizungumza kwa upole wa mtu aliyezoea kuwaambia watu habari mbaya. Kuna dereva anakitaka kile chumba na hela zake ziko kamili. Atamngoja Mama Sare mpaka saa nane. Ikipita saa nane anampa dereva, na ile mia na ishirini ataangalia namna ya kuirudisha wakikaa vizuri.

Mama Sare alijua maana ya kukaa vizuri. Alikuwa na wateja watatu waliokuwa wanangoja kukaa vizuri tangu mwaka jana.

*

Mwenye nyumba alifika saa tatu, njiti ya kiberiti mdomoni, daftari kwapani. Majirani walimwita Mzee Risiti, kwa sababu hajawahi kumpa mtu hata moja. Binti akamwamkia, Mama Sare akamwamkia, Bosi akamwuliza amekuja kufanya nini. Mzee akacheka kidogo kisha akaingia kukagua.

Alikagua kama mtu aliyeibiwa. Alihesabu matundu ya misumari ukutani kwa sauti. Alipofika kumi na tisa Mama Sare akamkumbusha kuwa kumi na mawili aliyakuta. Mzee akasema anakumbuka vizuri, ukuta ulikuwa laini kama shavu. Akagusa doa la mafuta ya cherehani sakafuni kwa ncha ya kiatu. Akafungua daftari, akaandika, akapiga mstari. Rangi na ukarabati, elfu sitini. Amana inayobaki, mia.

Mama Sare akamweleza taratibu, kwa heshima zote, kwamba mia haimfikishi popote, kwamba mia na sitini ndiyo inayofungua mlango wa kule, na kwamba mkokoteni uko nje unaonekana. Hakupenda sauti yake mwenyewe. Ilikuwa sauti aliyoitumia kwa mkuu wa shule anapoomba kuongezewa muda.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho, maana hakuwa mtu mkatili. Alikuwa tu na vyumba tisa, mke mwenye sukari na mwanawe mkubwa aliyerudi nyumbani na familia nzima. Kisha akaweka kiganja juu ya meza.

"Hii nayo inabaki," akasema.

"Hiyo ni yangu, mzee."

"Imeungwa humu, haiwezi kutoka. Kitu kikijengwa ndani ya nyumba ni cha nyumba. Kama geti."

"Geti nililipa mimi."

"Nami nakushukuru."

Hakumwambia lingine, kwamba mpangaji anayekuja ni fundi cherehani, kwamba Alhamisi alipomwonyesha chumba alisita sana kwenye bei, na kwamba kilichomfanya akubali mia na ishirini ni ahadi ya meza ya kukatia iliyo tayari. Lakini binti alikuwepo Alhamisi, amekaa nyuma ya mlango akifanya hesabu za shule, na watu wazima husahau kuwa watoto wana masikio. Mzee alipotoka kwenda kuzungumza na muuza mkaa, binti akamweleza mama yake yote, neno kwa neno.

Mama Sare alisimama akiitazama meza kwa muda usiozidi dakika. Kisha akauliza karakana ya seremala hufunguliwa saa ngapi Jumamosi.

*

Seremala alikuwa na wateja wawili wa kabati la harusi na hakufurahi kumwona mtu mwenye haraka. Alimwacha asimame juani mpaka alipomaliza kuwasifia mbao. Aliposikia habari akacheka mpaka akakaa.

"Ile niliipigilia ikae, mama. Sikuipigilia ihame."

Akamweleza kuwa kuibandua haiwezekani, gundi ile ukiivuta inakuja na ubao. Njia ni kukata miguu yote sita na kuing'oa rafu, ndipo ubao wa juu utatoka peke yake, kwa ubavu. Ubao ukifika salama, unaweza kuuweka juu ya chochote. Kwa kazi hiyo yeye mwenyewe angetoza elfu kumi na tano, na angefika saa nane.

Mama Sare akamwomba msumeno. Akamwambia hana kumi na tano wala hana saa nane. Wale wateja wa kabati wakamtazama kuanzia miguuni kwenda juu, na bwana harusi akajifanya anasoma simu. Seremala akamchagulia msumeno wa zamani, akamhesabia meno yaliyobaki, akasema likivunjika jino moja atanunua msumeno mpya.

Njiani kurudi alipiga hesabu nyingine. Akikata miguu anapata ubao, lakini anabaki na amana ya mia. Sitini anaitoa wapi kabla ya saa nane? Alimpigia dada yake. Dada akasema wamelipa ada juzi, hata mafuta ya kupikia anakopa. Alimpigia mkuu wa shule kuomba sehemu ya malipo ya sketi; mkuu akasema kwa mujibu wa taratibu malipo ni baada ya kupokea, na kuongeza kuwa alitumaini kuhama huku hakutachelewesha kazi. Alimpigia mteja mmoja wa kukaa vizuri. Simu ikaita mpaka ikachoka.

Akaendelea kutembea, karibu anakimbia, msumeno kwapani kama mkate.

*

Saa nne na robo aliingia chini ya meza na kuanza mguu wa pembeni. Alikuwa hajawahi kushika msumeno, lakini mkono uliokata nguo kwa miaka kumi na mitano unajua mstari ulionyooka. Unga wa mbao ulimwingia machoni. Binti alishika upande wa pili usitetemeke. Mzee wa mkokoteni alikaa kizingitini akitoa ushauri wa bure, na kila baada ya ushauri alikumbusha kuwa muda nao ni hela.

Sauti ya msumeno ilimfikia mwenye nyumba huko kwa muuza mkaa. Alikuja haraka kuliko umri wake.

"Unafanya nini?"

"Nahama," akasema Mama Sare kutoka chini ya meza.

Mzee akainama akaona mguu umeshaliwa nusu. Akasema maneno mengi: unaharibu, utalipa, nitaita mjumbe. Mama Sare hakuacha kukata. Ndipo mzee akachuchumaa, magoti yakalia, wakawa uso kwa uso kama watoto wanaocheza chini ya meza, na sauti yake ikapungua.

Akasema basi waelewane. Meza ibaki, na yeye atasahau matundu. Mia na sitini kamili, sasa hivi, mkononi.

Mama Sare akatulia. Msumeno ulikuwa umenasa kwenye mbao. Hiyo ndiyo hesabu yake yote, imekuja yenyewe, imechuchumaa mbele yake. Lakini alikuwa mtu wa biashara, na aliona jinsi jicho la mzee lilivyokuwa likiruka kwenda barabarani.

"Mia na sitini ni yangu tangu zamani," akasema. "Meza ni sitini juu yake. Mbao peke yake zilinigharimu tisini."

"Mama Sare, usinikamue."

"Nani anamkamua nani?"

Walikuwa bado wanabishana hapo chini, bei ikiwa imeshuka hadi arobaini, pale miguu mingine ilipoingia ndani: sandali za plastiki, vumbi mpaka kwenye vifundo. Mzee wa mkokoteni akakohoa. Wote wawili wakajitoa chini ya meza wakijipangusa.

Mpangaji mpya alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mtoto wa mwaka mmoja kiunoni, cherehani ya mkono ndani ya mfuko wa sandarusi. Hakuwa na mwanamume nyuma yake wala mkokoteni. Alitazama ukuta, doa la mafuta, unga wa mbao sakafuni, na msumeno uliosimama mguuni mwa meza kama kisu kilichosahauliwa.

"Niliambiwa meza ipo," akasema.

"Ipo," mwenye nyumba akasema upesi. "Ipo, tunairekebisha tu."

Mwanamke akasema alilipa nusu Alhamisi, na nusu nyingine anayo hapa. Aligusa kifua chake aliposema hapa. Lakini bila meza, mia na ishirini hataimudu. Angerudishiwa zake akaendelee kutafuta.

Basi mwenye nyumba akaona mambo yanaelekea kumwagika. Akatoa bahasha kwenye daftari, akamgeukia Mama Sare na kuanza kuhesabu noti za elfu kumi kumi kwenye kiganja chake, kwa haraka, kidole chenye mate kikipanda na kushuka. Moja, mbili, tatu. Suala la arobaini lilikuwa limekufa bila mazishi na Mama Sare aliliacha life. Alihesabu pamoja naye kimoyomoyo. Saba, nane, tisa.

Mpangaji mpya alikuwa ameegemea meza, anapapasa ubao wake uliolainika kwa miaka ya kitambaa. Akainua macho.

"Samahani, dada," akasema. "Wewe hapa ulikuwa unalipa ngapi?"

Mzee alikuwa amefika noti ya kumi na moja. Kidole chake kikasimama hewani. Hakumtazama Mama Sare. Aliitazama noti, kama mtu anayekagua kama ni halali.

Huko nje Bosi alisikika akimwamuru mzee wa mkokoteni asogee kivulini. Binti alisimama kando ya mlango na msumari aliouokota mkononi. Hela ya kodi alikuwa akitumwa yeye kuipeleka, kila mwisho wa mwezi, imekunjwa kwenye karatasi. Alikuwa akiihesabu mara mbili kabla ya kubisha hodi.

Zilikuwa zimebaki noti tano. Mama Sare aliziona moja moja.

"Hiyo hiyo," akasema.

"Mia na ishirini?"

"Hiyo hiyo, mdogo wangu."

Mpangaji mpya akaitikia kwa kichwa polepole, akamhamishia mtoto upande wa pili. Kidole cha mzee kikashuka. Kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita. Kisha, bila kutazama mtu, akaongeza ya kumi na saba, elfu kumi ambayo hakuna aliyeiomba.

Mama Sare akaifumbata.

Alipokuwa anakabidhi ufunguo, yule mwanamke akamwomba namba ya simu. Alisema wateja wake wa zamani lazima watakuja kumwulizia, naye atawaelekeza huko aliko, hataki kula riziki ya mtu. Mama Sare akamtajia namba haraka, ikabidi airudie.

*

Wakasukuma. Mzee wa mkokoteni alishika mbele, Mama Sare na binti nyuma, Bosi akiwa amekaa juu ya godoro akisalimia barabara nzima. Mlima wa kwanza ulimtoa mzee maneno yasiyofaa watoto. Kwenye mlima wa pili akasimama, akasema safari hii imekuwa ndefu kuliko walivyoelewana, akadai elfu kumi juu ya ishirini na tano. Mama Sare akampa ile ya kumi na saba bila kubishana hata kidogo. Mzee aliipokea kwa mashaka; alikuwa amejiandaa kupewa tano.

Binti alisukuma akitazama chini. Mara mbili mama yake alimwuliza kama amechoka. Mara mbili alitikisa kichwa.

Walifika saa nane kasoro dakika ishirini. Nesi mstaafu alihesabu noti mara mbili kwenye meza ya plastiki, akazinyoosha pembe, akawasomea masharti: maji mwisho saa mbili usiku, wageni wasilale, cherehani mwisho saa moja jioni kwa sababu ana shinikizo la damu. Mama Sare akaitikia kila sharti. Hapo saa moja aliitikia pia, ingawa kazi yake nyingi huanza saa moja, watoto wakishakula. Kisha nesi akampa ufunguo na kusema karibu, na ilionekana anamaanisha.

Chumba kilikuwa hatua nne kwa tano. Kitanda kilipoingia, kikala nusu. Cherehani ikala kona. Mama Sare hakukaa, hakunywa hata maji; alifagia sakafu, akaipangusa kwa kitambaa chenye maji, akakichomoa kile kitambaa cha sare kutoka chini ya sufuria, na kuanza kukitandaza chini. Tabaka kumi hazikukaa. Tano ndizo zilikaa, na zilitoka ukutani mpaka mlangoni, bluu tupu, pasiwe na mahali pa kukanyaga. Ikabidi Bosi apandishwe kitandani na kuambiwa hicho ndicho kisiwa chake. Akalalamika kuwa kisiwa kina kiroboto.

"Shika pindo hilo," Mama Sare akamwambia binti. "Vuta liwe sawa."

Binti akapiga magoti, akavuta.

"Mama."

"Vuta zaidi."

"Si tulikuwa tunalipa themanini?"

Mama Sare alikuwa amepiga magoti upande wa pili, chaki mdomoni. Akaitoa.

"Tulikuwa tunalipa themanini. Nimedanganya. Ulitaka tulale wapi?"

Binti akatazama kitanda, cherehani, dirisha dogo lenye wavu uliotoboka. Aliendelea kushika pindo. Mama yake akachora mstari wa kwanza, akakata hadi katikati, akaacha. Akachukua mkasi tena, akauweka tena. Akasimama, akakumbuka hakuna pa kusimama, akapiga magoti. Mwishowe akavuta simu mfukoni. Namba ya yule mwanamke ilikuwepo. Alikuwa amembipu ili aihifadhi.

Aliandika kwa kidole kimoja. Dada, hapo nilikuwa nalipa themanini. Nisamehe. Akaituma haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu. Alijua kabisa kuwa saa hizi miezi sita imeshalipwa na kutiwa kwenye bahasha, na kwamba ukweli wake haukumgharimu chochote.

Jibu halikukawia.

*Najua. Majirani walishaniambia tangu Alhamisi. Nilitaka useme mbele ya mzee, tuwe wawili.*

Alilisoma mara moja. Akalisoma tena. Binti akauliza wanasemaje, na Mama Sare, ambaye angeweza kumwambia ashike pindo, akamsomea lote kwa sauti.

Binti alifikiri kidogo, pindo mkononi.

"Kwani mngekuwa wawili, angeshusha bei?"

Mkasi ulikuwa wazi juu ya kitambaa, nusu ya njia.

"Sijui," akasema Mama Sare. "Sikujaribu."